Hindi Lisilokwenda Sokoni

Katika msimu mmoja niliulizwa swali lile lile na watu watatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki. Alisimama penye ua wa mwenyeji wangu kule Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu, akaitazama mihindi yangu iliyopandwa katika kipande kisichozidi hatua kumi kwa kumi, akauliza: "Mzee, haya utauza wapi?" Wa pili alikuwa mnunuzi wa vitunguu saumu aliyekuja kutazama mavuno ya jirani. Wa tatu alikuwa bwana shamba, kijana mwenye adabu, ambaye alianza kwa kuniamkia, "Shikamoo, mzee," akainama, akalipima jani kwa vidole, akasifu rangi yake, kisha akauliza kama wenzake. Nilipomjibu kuwa siuzi, alicheka kwa heshima, kama acheavyo mtu anapomsikia mgonjwa akisema hana homa. "Basi hicho si kilimo, mzee," alisema. "Hayo ni mapambo."

Makala haya ni jibu langu kwake. Pale uani sikuwa nalo. Nilikuwa nalo tabasamu tu, na tabasamu si hoja. Wala simjibu yeye peke yake, kwa kuwa neno lile halikuwa lake. Amefundishwa, na waliomfundisha wamefundishwa, na sasa limeenea kutoka Mbulu hadi huku kwetu visiwani, kiasi cha mtu kuona haya kupanda mche asioweza kuutajia bei.

Nianze kwa kukiri haki ya upande wa pili. Wilaya ya Mbulu inajulikana nchini kwa vitunguu saumu, na Bashay ni miongoni mwa mahali vinapolimwa. Baridi ya nyanda zile inavipenda. Punje huchomekwa ardhini moja moja kwa mkono, hupaliliwa kwa kuinama, na baada ya miezi kadhaa hung'olewa, huanikwa na kufungwa magunia. Kazi ile nimeiona, na migongo inayoifanya nimeiona. Nimeona pia nyumba zilizoezekwa bati kwa fedha ya saumu, na watoto waliosomeshwa kwayo. Atakayesema kwamba napinga mkulima kuuza mazao yake hatakuwa amenisoma. Mwenye kuuza na auze, na Mungu ambariki.

Ninalolipinga ni neno moja dogo: "basi". Basi hicho si kilimo. Yaani kisichouzwa hakipo. Yaani kuna kipimo kimoja tu cha kazi ya mkono wa mwanadamu katika udongo, nacho ni shilingi. Hapo ndipo ninaposimama na kusema: la.

Hebu tulitazame kwanza hindi lenyewe, maana mara nyingi hoja nzuri huwa imelala ndani ya kitu chenyewe.

Mihindi yangu ilikuwa ya mahindi matamu, si yale ya unga. Mahindi yote asili yake ni Meksiko, ambako watu waliyafuga kutokana na nyasi ya mwituni takriban miaka 9,000 iliyopita. Pwani yetu iliyapata baada ya Wareno kufika, na sisi tukayapa jina la Hindi kana kwamba yametoka Bombay. Hindi tamu ni hindi lenye kasoro ya kurithi. Katika hindi la kawaida, sukari inayoingia katika punje hugeuzwa kuwa wanga, na wanga huo ndio unaotupa ugali. Katika hindi tamu kazi hiyo hulegalega, sukari ikabaki. Hilo tu. Lakini tazama matokeo yake. Punje zake zikikauka hunyauka na kujaa mikunjo kama ngozi ya kizee. Hazifai kwa unga, wala hazikai vizuri ghalani. Zikipandwa katika udongo wa baridi huoza upesi kabla ya kuota, na mimi mbegu zangu za kwanza, nilizozifukia kwa pupa wakati Bashay bado ikivuta shuka, nusu yake sikuziona tena. Zikipandwa karibu na mahindi ya unga yanayochanua wakati mmoja nayo, upepo huleta chavua ya jirani, na punje zikawa ngumu na za wanga. Kwa ufupi, huu ni mmea dhaifu, unaotaka kuangaliwa, usiolisha familia wakati wa njaa. Kazi yake duniani ni moja tu, nayo ni kuwa tamu.

Na utamu wenyewe una saa yake. Mpandaji huyatazama mbelewele yakitoka juu ya bua, kisha ndevu zikichungulia katika hindi. Kila unywele mmoja wa ndevu zile umeungana na punje moja, na usipopata chavua, punje yake haijai. Ndiyo maana mahindi haya hayapandwi mstari mmoja mrefu, bali hupandwa kwa mraba, mistari mifupi kadhaa ikiwa pamoja, ili upepo uyahudumie yote. Baada ya wiki kama tatu, ndevu zikisha kuwa hudhurungi, mtu hufunua ganda kidogo na kuiminya punje kwa ukucha. Likitoka maji, bado. Likitoka tui, tayari. Likitoka uji, umechelewa.

Hapa pana siri ambayo mnunuzi wa saumu hakuijua. Tangu hindi lile linapovunjwa kutoka kwenye bua, sukari yake huanza kupungua na kugeuka wanga, na kadiri joto linavyozidi ndivyo ligeukavyo upesi. Wapandaji wa zamani kule Marekani wana desturi ya kuteleka sufuria kwanza, maji yakichemka ndipo waende bustanini kuchuma. Hiyo si mbwembwe. Hindi la aina ile ya kale likisafirishwa kutwa nzima katika joto, lile lililo bora ndani yake hubaki njiani. Kinachofika sokoni ni umbo lake na rangi yake. Ni kweli kwamba wataalamu wamezalisha mbegu nyingine zinazohifadhi sukari kwa siku nyingi. Lakini tuulize zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Zilitengenezwa kwa ajili ya lori, ghala na rafu ya duka. Sukari imeongezwa, na ule ulaini wa tui umepungua. Ulimi umetakiwa usogee ili soko lipite.

Kwa hiyo bwana shamba alipouliza nitauza wapi, jibu la kweli, laiti ningekuwa mwepesi, lilikuwa hili: haliuziki, mwanangu. Ukiliuza, unachouza si lenyewe. Wapo wakulima wanaouza mahindi matamu, nao wanauza kitu halali. Lakini lile hindi la dakika kumi baada ya kuvunjwa halina soko popote duniani, hata kwa tajiri, isipokuwa tajiri huyo naye ainame apande. Hii ni moja katika mali chache ambazo maskini mwenye kipande cha ardhi anaweza kuwa nayo na mwenye fedha tupu akaikosa.

Hapa najua nitapingwa, na kipingamizi kina uzito. Nitaambiwa: hiyo ni starehe ya mgeni aliyeshiba. Wewe ni mshairi, umekwenda Bashay kutafsiri, ukiondoka utarudi kwenye boriti lako la Mji Mkongwe. Mkulima wa Mbulu ana ada za skuli, ana mbolea ya kununua, ana mgonjwa ndani. Unamwambia apande kwa raha?

Nasema hivi. Raha hiyo sikuipeleka mimi Bashay. Niliikuta. Mama mwenye nyumba, mjane, aliyelima saumu kwa bidii kunishinda mimi na yule kijana wa pikipiki tukiwa pamoja, alikuwa na mistari michache ya mihindi nyuma ya jiko, penye udongo mweusi uliolishwa mbolea ya ng'ombe miaka na miaka. Mahindi yale hayakuwa ya gunia. Yalikuwa ya kuchoma na kuchemsha yakiwa mabichi, ya wajukuu watokapo skuli, ya jirani apitaye. Nilimwuliza ni debe ngapi hupata pale. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Pale hatuhesabu, mzee," aliniambia. Mtu aliyejua kila kilo ya saumu yake, aliyeandika madeni ya wanunuzi katika daftari la mtoto, alikuwa na kipande cha ardhi ambacho amekikataza hesabu. Je, huyo naye ni mgeni aliyeshiba?

Kwa hakika wanaodai kwamba maskini hana nafasi ya raha ndio wanaomdharau maskini. Wao jioni huketi penye maua waliyopandiwa na mtumishi, wala hawaulizi waridi limeingiza kiasi gani. Sheria ya faida huwekwa kwa mwenye jembe peke yake. Tajiri akiwa na bustani husifiwa kwa ustaarabu. Maskini akiwa nayo huambiwa anapoteza ardhi.

Nasi watu wa pwani tusijifanye kwamba hili ni jambo la bara. Nani kati yetu hakulelewa karibu na kopo la mrehani? Bibi zetu walipanda mrehani katika makopo ya samli yaliyotoboka, wakapanda asumini ikapanda ukuta, na mwenye kiwanja akawa na mkilua. Wako waliotunga vikuba wakauza jioni, na ilikuwa riziki ya halali. Lakini wengi walipanda ili nyumba inukie, mgeni apewe shada, na kitanda cha bibi harusi kitandazwe. Neno letu lenyewe, bustani, limekuja kutoka Uajemi, na maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Lugha ilipotupa jina la mahali pa kupanda, ilitaja pua, haikutaja mfuko.

Na kwa kuwa nimegusa lugha, niseme na juu ya neno "faida", kwani hapa ndipo mtafsiri anapoumwa. Neno hili lilikuwa pana. Wazee walisema kusoma kuna faida, dua ina faida, kukaa na mwenye hekima kuna faida. Fedha nayo ilikuwa na yake, ikaitwa pato, chumo au tija. Leo neno limenyolewa. Ukisema faida, msikilizaji huona noti. Lugha ikipungua hivyo, fikra nayo hupungua, kwa sababu mtu asiye na neno la kutetea kitu hushindwa hata kabla ya mabishano kuanza. Ndiyo sababu nilibaki na tabasamu pale uani.

Swali la bwana shamba lina nasaba ndefu. Mwaka 1972, pale Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Miaka michache baadaye tukalima kwa kufa na kupona. Mwaka 2009 likaja Kilimo Kwanza, na katika mwaka wa fedha 2022/2023 ukaanza mpango wa vijana wa Jenga Kesho Iliyo Bora. Sizibezi shabaha zake. Nchi lazima ile, na kijana lazima apate kazi. Ninachokiona ni kwamba tamko hubadilika ila mlimaji habadiliki katika matamko hayo. Yeye daima ni chombo cha kutoa kitu kwa ajili ya wengine: taifa, kiwanda, mauzo ya nje. Hakuna tamko hata moja lililomuuliza anapenda kula nini.

Na tuikumbuke historia ya jirani wa Bashay. Upande wa kusini, katika nyanda za Basotu, Hanang, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano, ambayo yalipanuka sana katika miaka ya 1970 na 1980. Ekari kwa maelfu zilizokuwa malisho ya Wabarabaig ziligeuzwa kuwa mistari ya matrekta. Wafugaji walilalamika kwamba njia za ng'ombe zilifungwa na makaburi ya wazee wao yalilimwa. Kesi zikafika mahakamani. Katika vitabu vya hesabu, ardhi ile kabla ya ngano ilikuwa "haitumiki". Neno hilo nalichukia kama ninavyolichukia "mapambo", maana ni ndugu wa tumbo moja. Kwanza huambiwa matumizi yako si matumizi, kisha huambiwa usogee. NAFCO yenyewe haipo tena.

Sisi visiwani tuna somo letu. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said aliamrisha mikarafuu mitatu ipandwe kwa kila mnazi mmoja. Unguja ikavaa mikarafuu mwili mzima. Mwaka 1872 kikaja kimbunga, na kwa siku moja sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Kisiwa kilichokuwa kimepanda kwa ajili ya bei kikajifunza kwamba bei haina mizizi. Saumu nayo hupanda na kushuka. Mwaka ambao wilaya nzima imeng'oa kila kitu ikapanda saumu, mnunuzi ndiye anayechagua bei, na mkulima huenda dukani kununua unga. Mjane yule, bei ilipoanguka msimu niliokuwapo, alihuzunika kama wenzake. Lakini wajukuu wake walichoma mahindi jioni ile kama jioni nyingine. Soko halikuweza kumnyang'anya kitu ambacho hakuwahi kulipelekea.

Sasa nifike kwenye jambo langu, kwa kuwa msomaji wa kurasa hizi ni mpenzi wa ushairi, na huenda anajiuliza mihindi inamhusu nini. Inamhusu sana. Nilikwenda Bashay kwa ajili ya slufay, maneno ya baraka ya Wairaqw, watu ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, binamu wa Kisomali na Kioromo, wala si ya Kibantu. Slufay husemwa na mzee mbele ya watu, kwa lugha ya mafumbo, naye huomba mvua, amani, uzazi, afya ya watu na ya mifugo, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Bila ya waitikiaji hakuna slufay. Ninaihamishia katika Kiswahili mstari kwa mstari, na mara nyingi nashindwa, kwa maana mwitikio wa watu hauandikiki. Kazi hii sikuagizwa na mtu. Sikupata kusoma chuo chochote cha kunifundisha, na sijui nani atainunua. Nayo pia imeulizwa swali lile lile: mzee, hii utauza wapi?

Ikiwa mhindi usiouzwa si kilimo, basi shairi lisilouzwa si kazi, na tafsiri isiyoagizwa ni mapambo. Mwalimu Nyerere, katikati ya kazi za urais, alikaa akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili chenye mizani yake, na mwaka 1969 akatupa Mabepari wa Venisi. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuhitaji malipo. Mizania gani ya fedha ingeliruhusu saa zile? Tungemshauri nini, angekuja kwetu na daftari lake? Kwamba aache mapambo?

Hoja yangu basi si kwamba tuache soko. Hoja yangu ni kwamba soko liache kona moja. Katika kila shamba, hata liwe robo eka, pabaki hatua kumi kwa kumi ambazo mwenyewe hatatoa hesabu yake kwa mume, kwa benki, kwa bwana shamba wala kwa mshairi. Apande mahindi matamu, au mrehani, au boga la bibi yake. Ale, agawe, aache ndege wadonoe. Na bwana shamba apitapo penye kona ile asiiandike "haitumiki". Akae kitako aulize inaitwaje, ina ladha gani, mbegu ilitoka kwa nani. Maswali hayo matatu yana faida, kwa maana ya zamani ya neno hilo.

Kijana yule alirudi. Ilikuwa siku ya mwisho wa wiki, jioni, ukungu umeanza kushuka. Safari hii sikumjibu kwa tabasamu. Nilimwambia akae, maji yanachemka. Nikaenda uani, nikaminya punje kwa ukucha, likatoka tui, nikavunja mahindi manne na kurudi mbio kama mwizi. Alikula la kwanza akiwa anazungumza habari za mbolea. Alipofika katikati ya la pili alinyamaza. Aliligeuza gunzi mkononi, akalitazama pande zote.

"Mzee," alisema, "mbegu zimebaki?"

Nikampa kiganja kimoja. Hakuniuliza bei.